Mwalimu Anakimbia, Nani Amekufa?

Daktari alinipima uzito mara mbili, maana mara ya kwanza alidhani mizani ndiyo yenye makosa. Kilo tisini na nane. Akanifunga mkanda wa presha mkononi, akasoma, akanifunga tena. Mimi nilikuwa nimefika pale hospitali ya rufaa nikijiona shujaa, mtu aliyekubali kutoa figo yake moja ampe kaka yake, na nilitarajia angalau kupewa mkono wa pongezi. Badala yake niliambiwa kwamba figo yangu ni nzuri, damu zetu zinapatana, lakini mwili unaoibeba hauwezi kupasuliwa ukiwa katika hali ile. Nipunguze kilo kumi na mbili. Presha ishuke. Nikimbie kila siku, nirudi baada ya miezi minne.

"Na nisipopungua?" nikauliza.

"Basi hatutakupasua," akasema. "Hatuponyi mtu kwa kumfanya mwingine mgonjwa."

Nililichukua neno hilo, hatutakupasua, nikaenda nalo nyumbani bila kujiambia ninalipeleka wapi.

Kaka yangu ndiye kifungua mimba kwetu, amenitangulia kwa miaka kumi na miwili. Alikuwa akiendesha kinu cha kusaga mahindi pale soko la Kamukuywa mpaka figo zilipogoma. Baada ya hapo maisha yake yakawa safari mbili kila wiki kwenda Bungoma mjini, ambako analazwa kwa muda wa saa nne kando ya mashine inayomsafishia damu, kisha anarudishwa nyumbani akiwa hawezi hata kushika kikombe. Mshipa wa mkono waliokuwa wakitumia uliziba. Wakahamia shingoni. Mwuguzi mmoja alituambia kwa upole kwamba shingoni si mahali pa kukaa siku nyingi, na sote tukaelewa. Dada yetu aliyeolewa Naitiri ana sukari. Ndugu yetu wa kati damu yake ilikataliwa. Watoto wa kaka mwenyewe bado wanavaa sare za shule. Nilibaki mimi, naibu wa mwalimu mkuu katika shule ya msingi ya Kitale, mwenye tumbo lililojengwa taratibu kwa chai ya saa nne na chapati.

Sasa, kukimbia. Asiyetoka kwetu anaweza kufikiri ni jambo la kuvaa viatu tu. Kwetu Bungoma mtu mzima aliyetahiriwa, akaoa, akapewa kazi ya heshima, hatembei haraka, seuze kukimbia. Wanaokimbia ni wanafunzi waliochelewa, wezi, na anayepeleka habari ya kifo. Mwanamume wa rika langu akionekana anakimbia asubuhi, watu huacha jembe katikati ya mstari, husimama, na kuulizana nani amekufa. Nimelelewa hivyo. Miguu yangu imelelewa hivyo pia.

Hata hivyo nilianza. Tunakaa mtaa wa Tuwan, na asubuhi ya kwanza nilitoka alfajiri, baridi ya Kitale ikiuma masikio, nikiwa na raba za mitumba na suruali ya michezo ambayo shule ilinipa siku ya mashindano. Nilipofika penye vijana wa bodaboda walikuwa wakiota moto wa katoni. Walinitazama nikipita, wakanitazama nikirudi.

"Niaje mwalimu," mmoja akasema. "Nani anakufukuza?"

"Nafanya mazoezi."

"Si upande bana nikufikishe. Ati unakimbia na mimi niko hapa?"

Alikuwa ameumia kweli. Kuniacha nikimbie mbele ya pikipiki yake kulimwonyesha kama mtu asiye na adabu. Nilimshukuru, nikaenda mbele hatua kama mia hivi mpaka kona, na baada ya kona nikatembea.

Pale shuleni tuna mwalimu wa michezo, msichana mwembamba ambaye anaweza kuzunguka uwanja mara ishirini akiongea. Nilimweleza shida yangu. Alinifundisha kuanza polepole, nisishindane na mtu, na kitu kimoja ambacho nilikishika kuliko vyote: "Ukiishiwa na pumzi, mwalimu, usiiname. Weka mikono miwili juu ya kichwa. Kifua kitafunguka." Nilijaribu, na kweli kifua kilifunguka.

Wiki ya kwanza nilikimbia siku nne. Ya pili, siku mbili. Ya tatu mvua ilinyesha, na mvua ya Kitale haimwombi mtu radhi, nami sikuiomba ruhusa ya kubaki kitandani. Wiki ya nne kengele ya simu ilianza kutolia. Nilikuwa naitegesha saa kumi na moja, nikiamka ni saa kumi na mbili unusu na kumekucha. Nililaumu simu. Kisha asubuhi moja nilikuwa macho kabla ya saa, nimelala kimya, na simu ilipoanza tu kunguruma niliona mkono wa mke wangu ukipita juu yangu, ukaizima, ukarudi chini ya blanketi.

Mke wangu ni mtoto wa Trans-Nzoia, wazazi wake walitoka Mkoa wa Kati wakapata shamba huku kabla hajazaliwa, na si mtu wa maneno mengi. Habari ya figo alikuwa ameizungumzia mara moja tu. "Mimi sikatai," alisema. "Lakini hawa watoto watatu nitawaambia nini ukibaki kwa hiyo meza?" Hakuuliza tena. Akawa anaizima kengele. Ningeweza kuushika ule mkono. Ningeweza kuificha simu upande wangu. Nilifumba macho, nikapumua pumzi nzito za mtu aliyelala. Nilijua, na nadhani naye alijua kwamba ninajua, na tukaishi hivyo wiki tano kama watu wanaopendana sana.

Kila jioni kaka alipiga simu. Hakuwa na nguvu za mazungumzo marefu.

"Umekimbia?"

"Nimekimbia."

"Vizuri. Usijiumize."

Nilikuwa mwongo wa wastani utotoni, lakini katika miezi ile nilipanda darasa. Nilimtajia njia nilizopita. Nilimsimulia habari ya mbwa aliyenifukuza, na mbwa mwenyewe alikuwepo kweli, ila alinifukuza katika wiki ya kwanza na mimi nikawa ninamtumia kila wiki. Duka la dawa karibu na soko lina mizani. Nilikwenda kwa siri, nikapanda. Tisini na nane na nusu. Nilikuwa nimeongezeka nusu kilo nikiwa katika mazoezi.

Nitasema wazi kilichokuwa kinanikalia moyoni, maana nimechoka kukizunguka. Niliogopa kupasuliwa. Niliogopa dawa ya usingizi, niliogopa kisu, niliogopa kuamka nikiwa na pengo, niliogopa kutoamka. Kumwambia kaka yangu hapana nisingeweza. Ningekula wapi, ningezikwa na nani? Lakini mizani ingeweza kunisemea. Nikibaki na kilo zangu, daktari ndiye angesema hapana, nami ningesimama kando nikiwa na sura ya huzuni. Kila asubuhi niliyobaki kitandani nilikuwa ninamkatalia ndugu yangu bila kufungua mdomo.

Wiki ya kumi nilikwenda nyumbani. Ilikuwa Ijumaa jioni, na majirani waliiona gari yangu ikiingia. Kwetu ni kilomita mbili hivi kutoka soko la Kamukuywa, ndani kwa barabara ya murram inayopita kati ya mahindi na miwa. Nilimkuta kaka amepungua tena. Alikuwa mtu wa mabega, mtu wa kubeba gunia la debe sita peke yake, na sasa sweta ilimning'inia. Mke wake alipika kuku. Nilikataa kipande cha pili cha ugali ili kuulinda uongo wangu, na kaka alinitazama nikikataa, akafurahi.

"Kesho nataka nikuone ukitoka," akasema. "Kila siku nasikia tu kwa simu."

"Kesho nipumzike kidogo, nimetoka safari."

"Si umesema ni kila siku?"

Asubuhi akawa ameketi nje kwenye kiti cha plastiki, blanketi magotini, anangoja. Nilivaa. Nilitoka langoni kwa kasi ya kijana anayetaka kuonekana na wasichana, na hilo ndilo lilikuwa kosa la kwanza. Nilitaka kufika kwenye kona yenye mikaratusi ambako hangeniona, kisha nitembee. Lakini baada ya kona watu walikuwa mashambani. Mama jirani, ambaye alimfahamu mama yetu akiwa msichana, alikuwa anapalilia kando ya barabara. Ningetembea mbele yake, habari ingerudi nyumbani kabla yangu. Nikaendelea kukimbia.

"Mulembe, Mwarimu," akanisalimu.

Sikuwa na pumzi ya kumjibu. Niliinua mkono, nikapita. Nimezaliwa pale, na sijawahi kumpita mama yule bila kusimama, kumuuliza habari ya miguu yake na ng'ombe wake. Mbele kidogo nikampita mwanamume wa maziwa na baiskeli yake, vivyo hivyo. Nilipofika kwenye njia panda ya josho la ng'ombe mapafu yalikataa. Nilisimama. Nikakumbuka somo la mwalimu wa michezo. Nikaweka mikono miwili juu ya kichwa, nikafungua mdomo, nikaelekeza uso mbinguni, machozi na jasho vikinitiririka.

Sasa hebu wewe kaa mahali pa wale watu. Mwalimu amekuja ghafla kutoka Kitale jana jioni. Alfajiri ametoka mbio kwenye boma lenye mgonjwa. Hasalimii mtu. Amesimama njia panda, mikono kichwani, mdomo wazi. Kwetu hakuna anayeweka mikono kichwani ila aliyefiwa. Hata mtoto mdogo tunampiga kofi mikono akicheza hivyo, tunamwambia ataleta msiba.

Mimi sikujua lolote. Nilishusha mikono, nikatembea pole pole mpaka sokoni kupoteza muda, ili nirudi nikionekana nimekwenda mbali. Nikaingia kwenye hoteli ndogo mkabala na kinu cha kaka, nikaagiza chai ya maziwa na chapati mbili. Nilikuwa ninaanza ya pili wakati mwenye hoteli alipokuja, simu mkononi, akaketi mbele yangu na kunishika kiganja.

"Pole, mwalimu. Pole sana. Amepumzika."

"Nani?"

"Si ni mgonjwa wenu. Wanasema ameenda hii asubuhi." Aliniona nimebaki na kipande cha chapati hewani. "Kula tu. Mtu lazima akule."

Nilikuwa nimemwacha kaka amekaa kwenye kiti dakika arobaini zilizopita. Lakini mgonjwa wa figo huenda hivyo. Tulishaambiwa moyo unaweza kusimama tu, bila taarifa. Mwenye hoteli hakuwa mtu wa porojo. Nje niliwaona wanawake wawili wakiingia barabara ya kwetu, wamefunga leso viunoni, na mmoja akapaza sauti ya kilio. Niliamini. Sikuwa na sababu ya kutoamini.

Na kabla ya uchungu, kabla hata sijasimama kwenye benchi, kitu kilinitoka kifuani na nikajisikia mwepesi. Nilijisemea moyoni, kwa maneno kamili: basi, sitapasuliwa.

Ilikuwa mara moja tu, na ilipita. Lakini niliisikia. Hakuna mtu aliyenilazimisha, hakuna wa kumsingizia. Nimefundisha watoto miaka ishirini na miwili kwamba binadamu hujulikana kwa matendo yake, na pale kwenye benchi nilijulikana kwangu mwenyewe kwa kitu ambacho sikutenda hata.

Nilikimbia. Sijui kama ile inaitwa mazoezi. Nilipita wanawake wale wawili, nikapita wengine watatu, nikampita mzee aliyefunga gogo la moto wa matanga nyuma ya baiskeli. Kilomita mbili, sehemu kubwa ni mlima, na sikusimama. Sikukimbilia kumwona kaka, maana mfu hana haraka. Nilikuwa nakimbia lile wazo lisinifikie tena. Kila nilipotaka kupunguza mwendo nililisikia nyuma, likinijia na sauti yangu mwenyewe.

Lango lilikuwa wazi na boma limejaa. Kanisa lilikuwa limeshaleta viti. Kulikuwa na kilio, na ndani ya kilio kicheko, na sikuelewa mpaka umati uliponipisha. Kaka alikuwa kwenye kiti kilekile cha plastiki, blanketi magotini, wanawake wawili wamemkumbatia wanalia na kumsukasuka, naye anawaambia kwa sauti yake ndogo wamwache, anaumia shingo. Mke wake alikuwa anatoa sufuria jikoni kwa hasira. "Walikuja kulia," alisema, bila kumwambia mtu yeyote hasa. "Sasa wakunywe chai waende."

Nilipiga magoti pale kwenye vumbi, si kwa heshima, miguu ilikwisha.

Mama jirani alinijia juu, jembe bado mkononi. "Mwarimu, sisi tulikuona. Mikono kwa kichwa. Hata kunisalimia hukunisalimia. Sasa tungefikilia nini?"

Nikajaribu kueleza habari ya kifua kufunguka. Hakuna aliyenisikiliza. Yule mzee wa gogo aliuliza kama alirudishe au aliache, akaambiwa aliache, litapikia chai. Dada yetu wa Naitiri akafika kwa pikipiki, hana viatu, amelia njia nzima. Alipomwona kaka hai alimpita, akanijia mimi, akanichapa mgongoni na leso yake mara tatu mbele ya wazee wa kanisa.

"Wewe! Ulikuwa unakimbilia nini?"

Wahenga wanasema mficha maradhi kilio humfichua. Sisi maradhi hatukuyaficha. Mimi niliuficha uvivu, na chini ya uvivu nikauficha woga, na kilio kikaja kunifichua vilevile. Watu walipoanza kutawanyika kaka aliniita karibu. Alinitazama kuanzia raba mpaka mdomoni, ambako sina shaka kulikuwa na mafuta ya chapati.

"Leo umekimbia," akasema.

Katika kauli ile kulikuwa na siku zote ambazo sikukimbia, na zilikuwa nyingi.

Jumapili yake kanisani, baada ya matangazo ya kikundi cha akina mama na ya harusi, mzee wa kanisa alisimama na kusafisha koo. Alisema ndugu yetu mwalimu amepewa na daktari amri ya kukimbia, ni dawa, na mtu akimwona njiani asianze kulia kabla ya kuuliza. Kanisa zima lilicheka, ndivyo nilivyosimuliwa baadaye. Kaka hakuwepo kucheka nao. Joto lilikuwa limempanda usiku ule, na asubuhi tulimpeleka Bungoma mimi na dada, akitetemeka kwenye kiti cha nyuma. Kidonda cha shingoni, pale alipokuwa akiunganishwa na mashine, kilikuwa kimeingia uchafu. Walimlaza siku tisa. Daktari wa pale aliniuliza ni nani anatoa figo. Nikasema ni mimi. Akanitazama tumbo, akauliza tunangoja nini.

Jumatatu nilikuwa Kitale. Kengele ilinguruma saa kumi na moja, mkono wa mke wangu ukapita juu yangu, na safari hii niliushika.

"Leo wacha ilie," nikamwambia.

Hakuutoa mkono. Tuliilaza ile simu katikati yetu ikilia mpaka ikachoka yenyewe. Kisha akasema, uso ukutani, "Nilitaka tu uwe mvivu. Uvivu ni kitu ningevumilia." Nikamwambia najua. Akalia, nami nikavaa raba nikiwa nimekaa pembeni mwake, nikatoka.

Watu huniuliza siku hizi nilipata wapi moyo wa kukimbia kila siku, hasa walimu wenzangu wanaoona mkanda wangu umeongezwa matundu. Wanataka niwaambie ni upendo wa ndugu, na wengine wamekwishajiambia hivyo wenyewe. Ningependa iwe hivyo. Mwezi wa kwanza nilitolewa kitandani na aibu, na aibu haijali mvua wala matope. Nilikuwa naogopa asubuhi moja nibaki chini ya blanketi, simu ilie kutoka nyumbani, nami nisikie ule wepesi kifuani kwa mara ya pili. Baadaye, sijui ni siku gani, miguu ikazoea na nikaanza kufikiri mambo mengine nikikimbia: mitihani, mbolea, mwanangu wa pili. Yule kijana wa bodaboda aliacha kuniita nipande. Akawa ananitajia tu saa. "Umechelewa leo, mwalimu."

Miezi minne ilipotimia nilikuwa na kilo tisini na moja. Presha ilikuwa imeshuka, lakini kilo hazikutosha, na daktari hakuwa mtu wa kubembelezwa. Nikamwambia kwamba kaka yangu hana muda. Akasema analijua hilo, na kwamba nimekuja na kazi ya miezi miwili mahali pa minne. Alilisoma tu kutoka kwenye karatasi zake, bila hata kukunja uso. Nikapewa wiki sita. Katika wiki hizo sita kaka alilazwa tena mara mbili. Nilikimbia asubuhi, na jioni nikitoka shule nikakimbia tena, na kila simu ilipolia nilingoja kidogo kabla ya kuipokea, niutulize moyo.

Walinipima. Themanini na tano. Walimwita hata mtu wa kuniuliza maswali peke yangu, mlango umefungwa, kama kuna yeyote katika ukoo aliyenitisha au kunilazimisha. Nikasema hakuna. Akauliza kama ninaogopa. Nikasema ndiyo. Akaandika, akaonekana kuridhika na jibu la pili kuliko la kwanza.

Asubuhi ya kupasuliwa walituweka kwenye chumba kimoja, vitanda viwili, sote tumevaa yale mashati ya hospitali yanayofungwa nyuma. Mke wangu na mke wake walikuwa nje kwenye benchi. Hatukuwa tumekula. Nilikuwa nimeamua nitamwambia kabla hatujaingia, maana sikutaka kumpa figo pamoja na ile siri. Lakini alinitangulia.

"Ile siku walikuja kulia," akasema, anatazama dari. "Nilikuwa peke yangu hapo nje. Mke wangu alikuwa kwa ng'ombe. Nikasikia kilio kinakuja na barabara, nikasikia wanataja jina yangu. Ningewaita. Ningesema niko hapa."

"Ukafanya nini?"

"Nilinyamaza. Niliwaacha walie mpaka wakafika kwa lango. Nikasema, basi, imeisha. Sasa huyu mtoto apumzike."

"Mtoto gani?"

"Si ni wewe." Akageuza kichwa, polepole, kwa ajili ya shingo. "Ulidhani sijui hukimbii? Unatajia mtu mbwa mmoja kila wiki. Nilijua unaogopa. Nilichoka kukuogopesha."

Nilikuwa na hotuba yangu nzima, nimeifanyia mazoezi njiani asubuhi nyingi. Haikutoka. Nilimwambia tu kwamba nami siku ile, pale hotelini, nilisema imeisha. Nilisema kabla ya kulia.

Alifumba macho, nikadhani nimemuua kabla ya daktari.

"Najua," akasema. "Ulifika kwa boma na uso ya mtu ameiba. Lakini ulifika mbio."

Mwuguzi akaingia na kitanda cha magurudumu. Anayetoa ndiye hutangulia. Yule anayepokea hungoja mpaka figo ionekane. Nikasema naweza kutembea. Akasema nilale, ndiyo kanuni. Nililala, akanifunika shuka, akanisukuma nje.

Kwenye ile korido, upande wa kushoto, mlango wa uani ulikuwa wazi. Nje kulikuwa na jua na watu wanaokwenda zao. Nilikuwa na kilo themanini na tano, presha ya kijana, na pumzi ya kunifikisha mbali sana bila kusimama, na hofu yote niliyokuwa nayo siku ya kwanza ilikuwa palepale, haijapungua hata gramu. Mwuguzi aliniambia nilaze mikono ubavuni, nitulie. Nikatulia.